Barua ya wazi kwa dada yangu aliye Kigoma, kuhusu nyoka na kile kikao

Dada yangu mpendwa,

Nimepokea ujumbe wako wa Jumapili kuhusu kicheni pati ya binti yetu, nami nimeusoma mara nyingi. Umeniandikia kwamba wewe na mashangazi mmenichagua niwe miongoni mwa watakaomfunda mwali, kwa kuwa mimi ndimi mama yake mdogo na kwa kuwa nimekaa katika ndoa miaka 14 bila kurudi nyumbani hata mara moja. Hukuandika neno lolote juu ya kile kikao cha ukoo kilichoketi sebuleni kwangu kwa sababu ya nyoka niliyemweka stoo. Imetimia miezi minane tangu siku ile, na katika miezi yote hiyo tumezungumza kwenye simu juu ya bei ya mchele, presha ya mama na ada za watoto, kama watu wasiodaiana kitu. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu maneno yako nayo yalisemwa mbele ya watu.

Naanza na nyoka mwenyewe, kwa kuwa pale kikaoni hakuna aliyetaka kujua alikuwa nyoka gani. Alikuwa yule wa kahawia ambaye wataalamu humwita Boaedon, na ambaye hupenda kukaa majumbani kwa sababu panya nao hukaa majumbani. Hana sumu. Hutoka usiku, humkamata panya kwa meno yake madogo na kumbana kwa mwili mpaka afe, kama chatu afanyavyo, ila yeye hafikii hata unene wa mpini wa jembe. Kila upande wa kichwa chake una mistari miwili ya rangi ya maziwa, mmoja ukipita juu ya jicho na mwingine ukishuka kutoka kwenye jicho hadi pembe ya mdomo. Mtu akiiona mistari hiyo mara moja hamsahau. Nilimkuta katika stoo ya mahindi mwezi Machi, nyuma ya magunia ambayo panya walikuwa wameyatoboa. Nilimweka katika ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, na siku ya tatu fundi wa madirisha alinitengenezea kasha la vioo. Nilimwekea maji katika kopo la chini na kipande cha gome la mti ili apate mahali pa kujificha.

Nilikaa naye siku 19. Katika siku hizo nilimwona akijivua gamba, jambo ambalo nimelifundisha darasani mwaka hadi mwaka kwa kuchora ubaoni tu. Macho yake yaligeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, akakaa hivyo siku kadhaa bila kula, kisha yakawa safi tena. Usiku mmoja akaanza kujisugua midomo kwenye gome, na ngozi yote ikamvuka kwa kugeuka ndani nje kama soksi, pamoja na kile kifuniko chembamba cha jicho, maana nyoka hana kope. Niliketi kwenye ndoo iliyofunikwa kichwa chini, taa ya simu mkononi, hadi alipomaliza. Sikumwita mtu. Tangu babu alipofariki, sikuwahi kuwa karibu na nyoka aliye hai bila mtu mwingine kuwa ameshika fimbo.

Nakiri makosa yangu, na ninayaandika hapa ili usiseme kwamba nimeyaficha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mtu awe na kibali kabla ya kumfuga mnyamapori, nami nilikuwa nimeandika nusu ya barua ya maombi tu wakati nyoka alikuwa tayari ndani ya kasha. Kosa la pili ni kubwa zaidi: mume wangu alikuwa Mpanda kikazi, tulizungumza kila usiku, na kila usiku nilimweleza habari za watoto, za mvua na za panya, nisimwambie habari za nyoka. Nilijua kwamba yeye hapendi nyoka. Tangu tulipooana, nyoka akionekana tu kwenye runinga yeye hutoka nje. Nilijiambia kwamba nitamweleza akirudi, uso kwa uso, na kwamba akimwona alivyo mpole atabadilika. Mtu anayetaka kitu sana hujipa ahadi za namna hiyo.

Kisha ukaja wewe siku ya Jumanne, ukaingia stoo kuchukua unga, ukaona. Hukupiga kelele, nakumbuka. Ulitoka polepole, ukaosha mikono, ukanywa chai yako yote. Jioni hiyo ukampigia simu mume wangu kabla mimi sijampigia, na kesho yake ukampigia mama mkwe, naye akapanda treni kutoka Kigoma.

Shemeji yako alifika Alhamisi usiku. Nataka ujue yaliyotokea usiku ule, kwa sababu ninyi mlipokuja Jumamosi mlikuta mambo yamekwisha na hamkuniuliza. Hakunigombeza. Alikataa kuingia stoo, akaketi jikoni akiwa bado na viatu vyake vya safari, akanieleza habari za mdogo wake. Nilikuwa najua kwamba shemeji yule alipoteza mguu kwa kuumwa na nyoka akiwa mtoto. Kila anayeijua familia yao anajua hivyo. Nisilolijua ni kwamba waliokuwa porini siku ile huko Kasulu, wakitafuta kuni, walikuwa wawili tu. Mtoto alikanyaga kifutu. Unamjua kifutu, hakimbii mtu akija, hutulia akitegemea rangi yake ya majani makavu. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 15, alifanya kile ambacho kila mtu mzima alikuwa amemfundisha: alikata kamba ya kuni akaufunga mguu juu ya goti, akakaza kwa nguvu zake zote, akachanja palipoumwa kwa wembe. Kamba ile ilikaa tangu asubuhi hadi jioni walipofika hospitali kwa baiskeli. Daktari alipoifungua, mguu ulikuwa umekwisha kufa. Katika miaka 14 ya ndoa sikuwahi kujua kwamba kamba hiyo aliifunga yeye.

Wazee walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami nilidhani kwamba mume wangu hushtuka kwa sababu ya mdogo wake. Kumbe alikuwa anashtuka kwa sababu ya mikono yake mwenyewe. Nilimweleza ninachokijua, kwamba sumu ya kifutu huharibu nyama pale pale ilipoingia, kwamba kamba huzuia damu na kuzidisha madhara, na kwamba leo watu wanafundishwa wasifunge, wasichanje, wasinyonye, bali wautulize mguu na kumkimbiza mgonjwa hospitali. Lakini kwamba mtoto wa miaka 15 porini hangeweza kuyajua hayo. Nilimweleza kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017 tu, ingawa linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Naelewa. Lakini siwezi kulala katika nyumba hii."

Alfajiri tulimpeleka nyoka porini, upande wa kuelekea Sikonge. Aliendesha pikipiki yeye, nami nimekaa nyuma nikiwa na ndoo mapajani, na ndoo ile ilikuwa inamgusa mgongo kila tulipoingia kwenye shimo. Mwili wake wote ulikuwa umekauka kama ubao, lakini aliendesha. Nilipomwachia nyoka chini ya mninga, mume wangu alikuwa amesimama hatua 30 nyuma, ameshika funguo. Hilo lilitosha kuwa mwisho wa jambo hili, dada. Lilikuwa limekwisha kati ya watu wawili waliohusika.

Jumamosi mkaketi watu 11 sebuleni kwangu kumhukumu nyoka asiyekuwepo. Nilinyamaza makusudi. Nilisema moyoni kwamba nitawaeleza pindi mtu mmoja tu atakapouliza nyoka yuko wapi, na hakuna aliyeuliza. Mtoto wa wifi yangu, yule wa miaka mitatu, alikuwa mapajani mwangu akichezea kifungo cha blauzi. Baba mdogo aliuliza iwapo kuna mtu anayejua chanzo cha tabia hii, na kabla sijafungua mdomo wewe ukasema, na ninayanukuu maneno yako kama yalivyotoka: "Mimi simshangai. Huyu tangu utoto alikuwa na mambo ya babu, na hatujui nyoka huyo aliletwa kwa kazi gani."

Mama mkwe akainuka. Hakunitazama. Alimchukua mtoto mapajani mwangu, na mtoto alikuwa bado ameshika kifungo, kwa hiyo uzi ulinyooka kati yetu mpaka ukakatika. Kifungo hicho sijakishona hadi leo.

Unajua uzito wa maneno yale katika nchi hii yetu ya Unyamwezi. Unajua kwamba huku magharibi na kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na moshi wa kuni ndio ulioyafanya mekundu. Wewe umesoma, umetembea, unaongea kanisani na watu wanakusikiliza. Usingeweza kulisema neno hilo bila kujua litakwenda wapi. Na ulilisema juu ya babu! Babu yetu alikuwa katika Bayeye, na Bayeye walikuwa ndio watu wa kukimbiliwa: nyoka akiingia nyumbani waliitwa wao kumtoa, mtu akiumwa aliletwa kwao, na siku za ngoma walicheza na chatu shingoni mbele ya umati. Dawa zao zilikuwa za zama zao na mimi sizifundishi kwa mtu. Lakini mlango wa babu ulikuwa hausikii usingizi wakati wa kilimo, kwa watu waliokuja kuomba msaada, na sisi wawili ndio tuliokuwa tukiwapelekea maji.

Na chatu yule wa Nzega, dada. Mimi nilikuwa na miaka sita, nimejificha nyuma ya kihenge nikilia. Babu hakunibembeleza. Wewe ndiye uliyekuja ukanivuta mkono ukaniambia, "Usimshike kichwa, mshike katikati, ni baridi kidogo tu." Ukanishika mkono juu ya mkono. Kila ninachokijua juu ya kumshika nyoka kilianzia kwenye kiganja chako. Ulipotaja "mambo ya babu" pale sebuleni, ukanitenga nayo peke yangu kana kwamba hukuwepo.

Sisahau mengine pia. Sisahau kwamba uliacha chuo mwaka wa kwanza ili fedha za tumbaku zinitoshe mimi kidato cha tano, wala sisahau kwamba nilipojifungua mtoto wa pili ulikaa kwangu siku 40 ukinipikia uji na kufua nepi kwa mikono yako. Pengine unaogopa mama mkwe wangu atakufikiria vibaya na wewe, maana binti yako anaolewa katika ukoo wa jirani zake. Kama ndivyo, ungeniambia tu. Ningenyamaza kwa ajili yako kwa hiari yangu.

Basi mnataka nimfunde mwali. Nitamwambia asilete ndani ya nyumba kitu chenye uhai kabla ya kuzungumza na mumewe, awe nyoka, awe mbwa, awe ndugu. Nitamwambia amuulize mumewe anachokiogopa, na asiridhike na jibu la kwanza, kwa sababu mimi niliridhika na jibu la kwanza kwa miaka 14. Lakini sitamwambia aache kutaka anachokitaka. Kasha langu lilikuwa na kitasa, ufunguo nilikuwa nao shingoni, watoto hawakuingia stoo hata siku moja, na panya hawakugusa gunia kwa siku zote 19. Sikumdhuru mtu. Nilimficha mume wangu jambo, na nimemwomba radhi kwa hilo, naye amenisamehe. Zaidi ya hapo sioni ninachopaswa kukiombea msamaha, na sitaketi mkekani mbele ya binti yetu kama mwanamke aliyefundishwa adabu na kikao.

Nitakuja. Nitapanda treni ya Alhamisi pamoja na shemeji yako na watoto, na nitabeba madumu mawili ya asali uliyoyaomba. Nitabeba pia ile picha ya Saba Saba ya mwaka 1988, uliyopigwa na mpiga picha wa mtaani siku ya ngoma, ukiwa na gauni jekundu, chatu wa babu mabegani, umecheka mpaka fizi zinaonekana. Nilikuwa nayo kwenye droo siku ya kikao, hatua nne kutoka kwenye kiti chako, na sikuitoa. Sitaiweka hapa pia. Nitaitia katika bahasha na kukukabidhi mkononi stesheni, kabla hatujafika kwa mama mkwe, nawe utaamua kama ataiona.

Wako,
Mdogo wako, Tabora