Picha kulala ubavu si kosa la mwombaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotengeneza mifumo ya maombi ya mtandaoni. Nina steshenari. Kila dirisha la maombi linapofunguliwa, iwe ya chuo, mkopo au ajira, vijana wanajaa dukani na shida ileile: picha ya pasipoti imesimama vizuri kwenye simu, lakini ikishapandishwa kwenye mfumo inalala ubavu, na cheti kinatokea kichwa chini miguu juu. Baadaye mwombaji anaandikiwa kwamba kiambatisho hakisomeki. Akipiga simu kuuliza, anajibiwa kwamba hajui kupiga picha.

Anajua sana. Kihisi cha kamera kimefungwa ndani ya simu kwa mkao mmoja, kwa kawaida wa upana. Ukisimamisha simu kumpiga mtu picha, picha inaandikwa kwenye faili ikiwa imelala. Simu haihangaiki kuigeuza. Inaongeza tu namba kwenye taarifa za faili ziitwazo Exif, utaratibu uliotoka Japani mwaka 1995. Namba 1 maana yake ionyeshwe ilivyo, 3 ipinduliwe juu chini, 6 igeuzwe robo mzunguko kufuata mshale wa saa, 8 robo kinyume chake. Zinafika 8, ila zilizobaki ni za picha zilizogeuzwa kama kwenye kioo, na ni nadra kukutana nazo.

Simu inaisoma namba hiyo. Vivinjari vikubwa kama Chrome, Firefox na Safari navyo vinaiheshimu tangu mwaka 2020. Tatizo liko kwenye seva, yaani kompyuta ya mfumo inayopokea maombi. Mfumo unapopunguza ukubwa wa picha, unanakili nukta za rangi zinazoiunda kwenye faili jipya na kuitupa Exif yote. Ni sawa na mpagazi kubandua kibandiko cha "huku juu" kabla hajautua mzigo. Siwalaumu kwa kuifuta Exif, maana inaweza kubeba hata mahali picha ilipopigiwa, na si kila karani anapaswa kujua nyumbani kwa mtu. Ila geuzeni kwanza, ndipo mfute. Wapo pia wanaogeuza halafu wakaiacha namba 6 palepale; kivinjari kinaigeuza tena, na tunarudi kulekule.

Kazi yenyewe ni ya mstari mmoja. Zana wanazotumia waandishi wa programu kuchakata picha zinayo tayari: ImageMagick ina amri ya -auto-orient, Pillow ina exif_transpose. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, inaigeuza picha yenyewe tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019. Yaani mtu anayeandika mapishi kwenye tovuti yake anaipata huduma hii bure, anayeomba mkopo wa chuo haipati!

Kwa vyeti kuna jambo la ziada. Simu hujua upande wa juu kwa kuhisi mvutano wa dunia. Ukilaza cheti mezani na kuiinamishia simu juu yake, mvutano unapita moja kwa moja kwenye kioo na mgongo wa simu, hauegemei upande wowote. Simu inabaki na mkao iliokuwa nao mwanzo, hata kama wewe umeshaugeuza mkono. Ndiyo maana mimi hubandika cheti ukutani kwa selotepu, nikapiga nikiwa nimesimama mbele yake. Na kwa picha iliyokwisha kulala, ifungue kwenye simu, ikate ukingo kidogo sana, ihifadhi kama nakala. Simu nyingi hapo huandika nukta upya zikiwa wima. Vijana wengi wanapiga skrinishoti. Inasimama kweli, lakini cheti kinapungua hadi ukubwa wa kioo cha simu, na namba ya mtihani inageuka ukungu.

Ombi langu kwa wenye mifumo ni moja zaidi. Picha mnayomwonyesha mwombaji kabla hajabonyeza "Wasilisha" mara nyingi ni ile iliyomo bado kwenye simu yake, na kivinjari kimeshaisimamisha. Mwonyesheni ile iliyokwisha kupita kwenye seva yenu, ambayo afisa ndiyo atakayoiona, na pembeni yake muweke kitufe cha kuigeuza.

Mwenye steshenari,
Morogoro