Kabla hujahamia chomboni

Wete, Pemba

Sahibu yangu Makame,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na twataraji nawe na jamaa wa Nungwi mu buheri wa afya. Barua yako imefika. Mtu kanunua mashua ya futi 30, anataka kuhamia humo na mke na mtoto, azunguke Tumbatu, Fumba, Misali mpaka Wete, na suali lake la kwanza ni sola ya wati ngapi! Sola itakuja. Kwanza nambie ngama yako, pale chini kabisa chomboni maji yanapokusanyika, inaingiza ndoo ngapi kwa siku.

Si mzaha, bwana. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja kidogo, na kazi yako ni kujua kidogo chake ni kiasi gani. Kila asubuhi kabla ya chai, kumba maji na uhesabu. Ndoo 1 au 2 za lita 10 kwa mashua ya kiasi hicho si maradhi. Zikifika 5, tafuta. Na kabla hujatafuta, onja. Maji ya chumvi yametoka nje. Yakiwa matamu, basi ni mvua iliyopenya sitaha au dumu lako la kunywa limepasuka. Watu hufumua mbao nzima kusaka tundu ambalo liko kwenye dumu. Tazama pia yale matundu ya chini ya mataruma, yaani mbavu za chombo, yanayopitisha maji kuja tezi, huko nyuma. Chembe za wali na randa za fundi huyaziba, maji yakabaki omo, huko mbele, wewe unakumba nyuma ukiona ngama kavu. Pitisha kamba nyembamba matunduni toka omo mpaka tezi, uivute huku na huku kila wiki. Bomba la umeme ni zuri, ila swichi yake ya kuelea hukwama kwa taka: ikikwama juu inanyonya betri usiku kucha, ikikwama chini unaamka miguu imo majini. Kwa hiyo kata na ndoo visishuke chomboni.

Fundi akija kukalafati, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba, simama naye. Pamba isokotwe, itiwe mafuta, ishindiliwe kwa chembeu na nyundo ya mti mpaka imelala chini kidogo ya uso wa mbao. Kosa la wengi ni kushindilia kwa nguvu mno chombo kikiwa kimekauka juani. Mbao ikishuka majini huvimba. Isipopata nafasi ya kuvimbia inajisukuma yenyewe, misumari inang'oka kwenye mataruma, na hapo huna tena uvujaji wa kidogo. Chombo kilichokaa pwani muda mrefu kishushe, ukiache kinywe maji siku moja au mbili huku ukikumba, ndipo uamue wapi pa kutia pamba zaidi.

Sasa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wewe ni mtu wa pwani, unayajua maji kwa macho, lakini mtu anayelala chomboni inambidi ayajue kwa hesabu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya kwetu hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yakapwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua tofauti inafika mita 4 hivi; kwa maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua, ni mita 1 na kitu. Na hayashuki sawasawa. Yagawe mafungu 12: saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 4, hiyo saa ya tatu na ya nne inaondoka mita nzima kila saa. Ndiyo maana mtu anaacha chombo kinaelea vizuri karibu na fungu la mchanga, anakwenda sokoni kununua ndimu, akirudi kimelala ubavu. Si bahati mbaya, ni saa ya tatu.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokupa siku ya kusafisha chombo. Panda nacho mchangani maji yakijaa alfajiri, kitie gadi, miti ya kukiegemeza, pande zote mbili, na kufika saa 1 au 2 asubuhi kiko wazi. Una mpaka saa sita au saba mchana kufanya kazi kwa mwanga, na jioni kinaelea tena. Lakini chagua siku ambayo maji bado yanakua kuelekea bamvua, siku mbili kabla ya kilele. Ukipanda siku ya kilele chenyewe na usiwahi kutoka jioni, kila maji yanayofuata ni mafupi kuliko yaliyokupandisha. Umepwelewa, na utakaa hapo hadi bamvua lijalo, karibu wiki mbili, shemeji anapika kwenye mteremko.

Kazi ya mchangani ni hii. Kwangua kwanza magamba na majani yote yakiwa bado mabichi. Yakikauka yanashika kama saruji. Kisha funga makuti makavu kwenye mti mrefu, uwashe, upitishe moto chini ya tumbo la chombo. Usisimame mahali pamoja. Mbao iwe ya kukufukuza mkono, isifike kuungua, na ukifika kwenye maungio ya mbao uharakishe, maana pamba ya mafuta inashika moto. Utasikia mbao inalia chwii chwii palipo na dudu ndani. Hapo rudia mara ya pili. Hilo dudu linalotoboa mbao ndilo adui wako mkubwa kuliko mawimbi. Huingia kwa tundu dogo kama ncha ya sindano, likakulia ndani, kwa nje ubao unaonekana mzima mpaka kidole kinapozama. Kabla ya kuwasha chochote, mtungi wa gesi na madumu ya petroli yawe mbali, upande upepo unakotoka. Chombo kikishapoa, paka deheni, ile ya chokaa na shahamu iliyochemshwa, kwa mkono, usiache hata mahali pa sarafu. Rangi ya dukani yenye shaba hudumu zaidi, ila haishiki juu ya mbao iliyokwisha kupakwa shahamu. Chagua njia moja ubaki nayo. Mwenye deheni arudie kila mwezi, au akizidi sana miezi miwili.

Ndiyo sababu sipendi ushauri wa wanaosema "jifiche horini kwenye mikandaa, kumetulia". Kumetulia kweli, ndani ya mkono ule wa bahari wenye mikoko. Lakini dudu lile limejaa huko kwa kuwa miti iko majini, usubi utakula mtoto magharibi, na mahori mengi ya Pemba hubaki matope maji yakipwa. Hori la Chake Chake lipitwe na maji yanayojaa tu, wala usilale ndani. Hori ni la siku ya tufani.

Nanga. Tuseme umefika maji yamepwa, kina ni mita 4. Usitie kamba ya mita 4. Bamvua litaongeza 4, omo yako iko mita 1 juu ya maji, jumla 9. Zidisha kwa 5, unapata mita 45. Mita 10 za mwanzo ziwe mnyororo, kwa sababu mbili: uzito wake hulaza nanga ivute kwa ubapa, na matumbawe yanakata kamba kama msumeno. Kisha fikiri upande wa pili: maji yakipwa tena, kamba hiyo ya mita 45 inakuzungusha duara pana, na urefu wa chombo juu yake. Kwa hiyo ndani ya mita 55 kila upande pasiwe na mwamba wala chombo cha mwenzio. Nanga ya kilo 15 inakutosha, na ya pili iwepo imeshafungwa kamba, isiwe imezikwa chini ya magodoro. Ile ya makucha manne ya wavuvi ni nzuri kwenye miamba, mchangani inalima tu. Tia mchangani, penye rangi ya kijani cheupe. Palipo na kahawia ni mwamba au majani, na nanga inayovunja matumbawe itakushinda kuing'oa asubuhi. Rangi hizo unaziona jua likiwa juu, saa 4 asubuhi mpaka saa 9, likiwa nyuma yako. Saa 11 jioni ukielekea magharibi maji yote ni fedha, huoni kitu. Usiku washa taa nyeupe inayoonekana pande zote.

Kuvuka kutoka Nungwi kuja Mkoani ni kama maili 30 za baharini. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa ni saa 6, basi toka saa 11 alfajiri, ufike jua likiwa utosini. Mkondo wa bahari huku huelekea kaskazini mwaka mzima na hukaza wakati wa kusi, upepo wa kusini mashariki. Ukisukumwa maili 2 kwa saa, kwa saa 6 umepelekwa maili 12. Elekeza omo kusini ya unakokwenda, la sivyo Mkoani utaiona ubavuni ikirudi nyuma. Kusi likiwa la kiasi, safari ya kuja ni tamu, upepo na mkondo viko nawe. Shida ni kurudi. Kwa kusi upepo na mkondo vyote viko usoni, itakubidi ubishe, yaani ukate upepo upogo upogo; na kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, liko nyuma yako lakini linavuma uso kwa uso na mkondo, mawimbi yanakuwa mafupi yaliyosimama. Wakati wako ni tanga mbili, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, Oktoba na Novemba, upepo mwepesi. Juni na Julai msije. Ni mkondo huo wa Nungwi ulipozama MV Spice Islander Septemba 2011, na ile ilikuwa meli. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kung'oa, na vizibao vya kuokolea vivaliwe, visikaliwe kama mito.

Ukishafika Pemba, kaa upande wa magharibi. Kusi na kaskazi zote hutoka upande wa mashariki, kisiwa chenyewe ndicho ukuta wako. Milango ya kuingilia Wete, kule kwenye visiwa vya Njao, Fundo na Uvinje, ipitwe maji yakiwa yanajaa au yamesimama. Yakitoka kwa bamvua, na wimbi la nje likiwa linaingia, mlangoni panachemka.

Maji ya kunywa: hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kujisuuza. Nyinyi watatu kwa siku 5 ni lita 150, yaani madumu 8 ya lita 20. Yalaze chini katikati, uyafunge. Dumu linalotembea usiku lina uzito wa mfuko mkubwa wa unga. Koga kwa maji ya bahari kwanza, matamu umalizie kopo mbili. Chakula hakina siri: mchele, nazi, ng'onda, muhogo, ndimu. Maboksi ya dukani yabaki pwani, kwani mayai ya mende hupandia humo.

Jiko la mkaa kwenye sanduku la mchanga, likiwa sitahani penye hewa wazi, haliripuki kama gesi, japo shemeji atapenda gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka, hushuka ngamani ikangoja kiberiti. Mtungi uwe sitahani, ufungwe koki baada ya kila kupika, na mpira upakwe povu la sabuni kila wiki utazame kama linatoka mapovu.

Haya, sola yako. Paneli ya wati 100 kwa jua letu la kweli, muda wa saa 5 hivi kwa siku, inakupa kama wati-saa 400 baada ya kinachopotea. Taa mbili, simu mbili na redio hazifiki 100. Friji ndogo peke yake inakula hizo 400 na zaidi, kwa hiyo achana na friji, nunua barafu. Betri ya kawaida ya 12V usiitumie chini ya nusu. Miunganisho ya waya ipake grisi, chumvi inaila kimyakimya.

Mashine yako ukiwa nayo ya kuchanganya mafuta, kwa kiwango cha 50 kwa 1, petroli lita 20 ni oili mililita 400. Ukiwasha, tazama kile kijimkojo cha maji pembeni; kisipotoka, zima papo hapo, mpira wa pampu umekufa au mfuko wa plastiki umeziba.

Mwisho, mwani. Pwani nyingi utakazotaka kutia nanga zina vigingi na kamba za kina mama wanaolima mwani, na maji yakijaa havionekani. Ukifika mahali pageni, ulizia dikoni, pale wavuvi wanaposhukia, kabla ya kusogea pwani, na ukitaka kukaa siku kadhaa msalimie sheha, kiongozi wa mtaa. Misali ni hifadhi, kuna sehemu imefungwa kuvua kabisa, na wavuvi wa dago, waliopiga kambi hapo, watakuonyesha wapi pa kulala.

Msalimie shemeji na mtoto. Ukija, niletee kilo 2 za pamba ya kukalafati. Ya huku wiki hii imekwisha.

Wasalaam,
ndugu yako Hamadi