Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi katika ufunguzi wa rafu ya vitabu vya rejea vya tabianchi, Mkoani, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Mheshimiwa Sheha na wajumbe wa Kamati ya Skuli,
Wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uhai na uzima hata tukakutana leo katika maktaba yetu. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitika mwaliko wetu. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kwamba rafu moja ya vitabu haina ukubwa wa jengo wala barabara. Kwa sababu hiyo kuja kwako kumetupa moyo zaidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kwa kupanda mikoko, na ni huko pwani ambako maswali yalituzidi. Wenzetu wanaotoka Kisiwa Panza walitueleza namna maji ya bamvua yanavyopanda hadi kwenye makonde ya mpunga na kuiacha ardhi na chumvi isiyokubali mbegu. Mama zetu wanaolima mwani walituonesha kotonii, aina mojawapo ya mwani, iliyogeuka nyeupe kwenye ncha, ikikatika mkononi kabla ya kufika kwenye kamba ya kuanikia. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake: wapo waliosema ni ukataji wa mikoko, wapo waliosema ni uchimbaji wa mchanga, na wapo waliosema dunia nzima imebadilika. Tulipotaka kujua lipi kati ya hayo lina ushahidi, na ushahidi wenyewe una nguvu kiasi gani, tuligundua kuwa maktaba yetu haikuwa na pa kutazama. Simu zilitupa majibu mengi, lakini mengi kati yake hayakuonesha aliyeyaandika wala mwaka yalipoandikwa.

Rafu unayotufungulia leo imepatikana kwa michango ya wazazi na ya waliowahi kusoma hapa. Ndani yake umo mkusanyo wa juzuu tano wa ensaiklopidia ya mabadiliko ya mazingira ya dunia, uliotoka mwaka 2002 chini ya mhariri mkuu Ted Munn, ambamo juzuu mbili za mwanzo zinahusu mfumo wa dunia, yaani hewa, bahari na ardhi, kisha viumbe na ikolojia, na nyengine zinahusu sababu na athari za mabadiliko, namna ya kuyakabili, na upande wa jamii na uchumi. Pembeni yake tumeweka muhtasari wa ripoti za Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, chombo kilichoundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na kilichotoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1990.

Ruhusa yako, Mheshimiwa, tueleze kidogo tulivyojifunza kuzisoma ripoti hizi, kwa sababu hapo ndipo tulipopata faida kubwa kuliko tulivyotarajia. Tulichukua swali moja tu, iwapo binadamu ndiye anayeipasha dunia joto, tukalifuata kutoka ripoti moja hadi nyengine. Ile ya mwaka 1995 inasema kwa tahadhari kwamba mizani ya ushahidi inaonesha kuwepo kwa mkono wa binadamu. Ya mwaka 2001 inasema inaelekea kuwa sehemu kubwa ya joto la miaka 50 iliyotangulia imetokana na gesi zinazozalishwa na binadamu, na kwa lugha ya ripoti hizo neno “inaelekea” lina kipimo: uwezekano usiopungua asilimia 66. Mwaka 2007 kipimo kikapanda hadi asilimia 90, mwaka 2013 kikafika asilimia 95, na mwaka 2021 ripoti ikatamka kwamba jambo hilo halina shaka. Mwanafunzi anayeuona mwendo huo kwa macho yake haambiwi tena aamini tu. Anaona jinsi wanasayansi walivyojizuia kusema zaidi ya walichokijua, na jinsi ushahidi ulivyoongezeka mwaka hadi mwaka.

Tulikutana pia na jambo lililotutatiza. Ripoti ya mwaka 2001 ilikadiria kuwa kina cha bahari kilipanda kwa milimita 1 hadi 2 kwa mwaka katika karne ya 20, ilhali ya mwaka 2021 inataja milimita 3.7 kwa mwaka. Baadhi yetu tulidhani wataalamu wanapingana. Mwalimu wetu wa jografia akatutaka tutazame miaka iliyoandikwa kando ya kila tarakimu, na tukaona kuwa hiyo 3.7 ni ya kipindi cha 2006 hadi 2018, na kwamba ripoti hiyo hiyo ya 2021 inatoa milimita 1.3 kwa kipindi cha 1901 hadi 1971. Wataalamu hawakupingana. Bahari yenyewe imeongeza kasi, na kwa watu wanaoishi kwenye visiwa vidogo hakuna tarakimu inayostahili kusomwa kwa uangalifu zaidi ya hiyo.

Haya yote hayana maana kwamba vitabu vikubwa havikosei. Ripoti ya mwaka 2007 ilidai kuwa barafu ya milima ya Himalaya ingeweza kutoweka ifikapo mwaka 2035. Dai hilo halikuwa na msingi wa utafiti uliohakikiwa, na Jopo likakiri hadharani mwaka 2010. Tunalifundisha kosa hilo kwa wanachama wapya kwa makusudi, kwa kuwa rejea inayokubali kusahihishwa mbele ya watu ndiyo inayofaa kutegemewa. Kwa sababu hiyo hiyo tumebandika mwaka wa uchapishaji kwenye mgongo wa kila kitabu kwa tarakimu kubwa. Juzuu zetu tano bado ni hazina kwa mtu anayetaka kuelewa mzunguko wa kaboni au mwenendo wa monsuni, yaani kaskazi na kusi yetu, lakini zilichapishwa kabla ya Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, ambao mataifa yalikubaliana kudhibiti ongezeko la joto la dunia, na kabla ya ripoti maalumu ya mwaka 2018 iliyoonya kuwa joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi 1.5 juu ya lilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda, matumbawe ya dunia yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na likifika nyuzi 2 yatapotea zaidi ya asilimia 99. Kwa wavuvi wanaotegemea miamba ya kisiwa cha Misali, tofauti ya nusu nyuzi si hesabu ya darasani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kitabu cha dunia nzima hakiwezi kuijua Pemba kama sisi tunavyoijua. Kuhusu mwani, jibu tulilipata katika kazi za watafiti wa hapa hapa Zanzibar, akiwemo Dkt. Flower Msuya aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambao wameonesha kuwa kotonii hudhurika na maji ya moto kuliko spinosumu, aina nyengine ya mwani, na kwamba kuipeleka kwenye kina kirefu zaidi ni njia mojawapo ya kuiokoa. Historia yetu nayo ina mafunzo yake. Dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa ikiwa salama, nayo ilitokea kabla ya joto la sasa. Inatukumbusha tusiibebeshe tabianchi kila upepo mkali, kwani tabianchi hupimwa kwa wastani wa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30. Ndiyo maana klabu imeanzisha daftari lake: kila bamvua kubwa tunapima kutoka kwenye nguzo ya saruji iliyo juu ya ufuo hadi alama ya maji, tunaandika tarehe, upepo na jina la aliyepima, na wazee wanatuambia minazi ilisimama wapi zamani. Daftari hilo litakaa kwenye rafu hii, pamoja na vitabu.

Pamoja na hayo, zipo changamoto ambazo haziko ndani ya uwezo wetu, na ndizo tunazokuletea kwa heshima. Awamu ya saba ya tathmini za Jopo ilianza mwaka 2023, na maktaba yetu haina kompyuta wala intaneti ya kupakua ripoti zake zitakapotoka. Tunaomba maktaba hii ipatiwe angalau kompyuta moja na mashine ya kuchapishia. Mkakati wa Mabadiliko ya Tabianchi wa Zanzibar wa mwaka 2014 unatuhusu kuliko kitabu chochote kilichomo humu, lakini nakala yake hatunayo. Tunaomba utuombee katika Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Tunaomba pia kipimamvua na kipimajoto, pamoja na mtaalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa kutufundisha kuvitumia ipasavyo, ili daftari letu liaminike na watakaokuja baada yetu.

Ombi letu la mwisho ndilo zito zaidi. Muhtasari wa ripoti hizi hutolewa kwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kusaidiwa na mwalimu. Mama yake anayelima mwani hana wa kumsaidia, ilhali yeye ndiye mwenye haja ya kujua. Tunakuomba ulifikishe kwa Baraza la Kiswahili la Zanzibar na kwa Wizara ya Elimu wazo la kutafsiri, kwa kuanzia, sehemu zinazohusu bahari na visiwa vidogo pamoja na faharasa ya istilahi zake. Wanachama wa klabu wako tayari kuzisoma rasimu kwa sauti katika vikundi vya wakulima wa mwani na wavuvi, na kurudisha kwa watafsiri kila sentensi ambayo haikueleweka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.