Anayeuliza kuhusu majedwali alete mfano, si picha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna vijana wetu wa hapa Malindi wanaojifunza kazi ya hifadhidata, yaani taarifa zilizopangwa katika majedwali ya kompyuta, wanavyoomba msaada mtandaoni, hasa wanapokwama katika kuunganisha majedwali hayo kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Wengi hutuma picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, wakaandika "haifanyi kazi, nisaidieni", kisha wakalalamika kwamba wataalamu wa huko wana kiburi.

Tuchukue mnada wa samaki. Jedwali moja lina mashua zote zilizosajiliwa, na la pili lina kilo zilizoletwa kila siku. Muulizaji anataka kuona mashua zote, hata zile ambazo Jumatatu hazikwenda baharini, kwa hiyo anatumia LEFT JOIN, ambayo hubakiza kila mstari wa jedwali la kushoto na kuweka NULL, yaani alama ya kukosekana kwa thamani, pale mstari huo unapokosa mwenzake katika jedwali la pili. Hadi hapo hana kosa. Lakini sharti la Jumatatu akiliweka kwenye WHERE, sehemu inayochuja mistari iliyokwisha kuunganishwa, badala ya ON, sehemu inayosema mistari ioanishwe vipi, mistari hiyo yenye NULL huchujwa, na mashua zilizobaki gatini hutoweka bila ujumbe wowote wa hitilafu. Anayetazama picha atajuaje kwamba kuna kilichopungua, ikiwa hakuambiwa kilichotarajiwa? Muulizaji angeandika mashua tatu za kubuni, safari mbili, agizo lenyewe kwa maandishi yanayonakilika, na matokeo anayoyataka, angejibiwa upesi, na pengine angeliona kosa mwenyewe kabla ya kutuma. Jukwaa la Stack Overflow, lililoanzishwa mwaka 2008, huwataka waulizaji walete mfano mdogo wa namna hiyo.

Nimesema "za kubuni" kwa makusudi. Wapo wanaobandika majedwali halisi yenye majina, simu na nambari za vitambulisho vya watu, ilhali Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Wajibuji nao wana lao. Mashua yenye manahodha wawili ikiunganishwa na jedwali la manahodha, kilo zake huhesabiwa mara mbili, na jibu la haraka huwa "ongeza DISTINCT", neno linaloondoa mistari inayojirudia katika matokeo. Dawa hiyo haigusi jumla iliyokwisha kuvimba. Kilo zinapaswa kujumlishwa kwanza kwa kila mashua, ndipo jedwali la manahodha liunganishwe.

Msomaji wako,
Malindi