Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya numeriki (dijitali): kampuni ya simu iliyopoteza majina yetu itujibu sisi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Lubumbashi juu ya mama yangu mdogo, anayeuza unga wa mahindi katika soko la Kenya, komini ya mji wetu huu, na juu ya dola 640 zilizotoka kwenye simu yake usiku mmoja.

Jioni ile alipigiwa na mtu asiyemjua. Mtu huyo alimwita kwa majina yake yote matatu, kama yalivyoandikwa kwenye karata yake ya mpiga kura. Akamtajia siku aliyonunua laini. Akamtajia kiasi alichoweka mara ya mwisho, dola 85, na saa aliyoweka. Hakumuuliza nambari ya siri hata mara moja. Alimwambia tu kwamba laini inafanyiwa matengenezo, asiogope mtandao ukipotea. Ukapotea kweli. Kulipokucha, laini yake ilikuwa ndani ya simu ya mtu mwingine, na akaunti imebaki na franka 300. Anayeshika laini yako anaweza kuomba nambari mpya ya siri, mradi ajue majina yako na nambari ya karata yako. Huyo alivijua vyote.

Kwenye ofisi ya kampuni ya simu tulipanga mstari tangu saa mbili ya asubuhi hadi saa saba. Binti wa dirishani alitazama kompyuta, akasema: “Mama, ulimpa mtu nambari yako ya siri.” Mama mdogo akamjibu: “Mwanangu, hiyo nambari hata marehemu mume wangu hakuijua.” Binti akarudia maneno yaleyale. Sina chuki naye, alisoma kilichoandikwa mbele yake. Tuliondoka na kipande cha karatasi chenye muhuri na nambari ya malalamiko, na tangu siku hiyo hakuna aliyetupigia.

Mimi ni avoka, yaani wakili, Mheshimiwa. Sheria za kumtetea mama huyu ninazo mezani. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria yetu ya madai, kilichoandikwa tangu mwaka 1888, kinasema kwamba anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima amlipe. Kifungu cha 260 kinamfanya bosi awajibike kwa makosa ya watu aliowatuma kazi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Kanuni ya Numeriki, sheria ya mambo ya dijitali, yenye sura nzima juu ya data za watu.

Lakini jaribu kuingia nazo tribinali, yaani mahakamani. Jaji atauliza: kosa la kampuni liko wapi? Nami nitamwonyesha nini? Ushahidi wote umo ndani ya mashine za kampuni yenyewe: nani alifungua faili la mama mdogo, siku gani, saa ngapi, kutoka ofisi gani, na nani aliidhinisha laini mpya. Muuza unga anatakiwa athibitishe kilichotokea katika chumba ambacho hawezi kukanyaga mlangoni pake. Na karatasi aliyotia sahihi siku ya kununua laini, kwa maandishi madogo ya Kifaransa, ilisema kesi yoyote itasikilizwa Kinshasa. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, na tiketi ya ndege ingemaliza hata zile 640 kabla kesi haijaanza.

Nitakuambia kinachoniuma zaidi. Sisi watu wa Katanga tumeshaona kampuni ikilipa kwa kuficha ukweli, ila haikutulipa sisi. Mwezi wa Desemba 2018, kampuni ya Katanga Mining, iliyokuwa inachimba shaba na kobalti Kolwezi huku hisa zake zikiuzwa Toronto, ilikubaliana na mamlaka ya masoko ya hisa ya Ontario kwamba taarifa zake kwa wenye hisa hazikuwa sahihi. Kampuni na wakuu wake walilipa zaidi ya dola milioni 30 za Kanada. Udongo ulikuwa wetu, lakini mbele ya sheria aliyehesabiwa kuwa amedanganywa alikuwa mnunuzi wa hisa kule.

Kwenye data ni vilevile. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani iliibiwa habari za watu milioni 147, kupitia tundu la programu ambalo dawa yake ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla na wao hawakuiweka. Wenye hisa waliishitaki kivyao, wakapata dola milioni 149. Lakini raia nao hawakuachwa: mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 575, na hakuna mama mmoja aliyelazimika kupanda ndege peke yake kwenda kuthibitisha. Yahoo ilijua wizi wa mwaka 2014 ikanyamaza kwa miaka miwili. Mwaka 2018 mamlaka ya hisa ya Marekani iliitoza dola milioni 35 kwa sababu ya kunyamaza huko. Leo kule, kampuni yenye hisa sokoni ikishaona kwamba shambulio ni zito, ina siku nne za kazi kulitangaza. Kwa hiyo kampuni yenye mizizi huko inaweza kumwarifu mwenye hisa New York, na mwenye laini hapa Katuba, komini ya Lubumbashi, asisikie lolote.

Ninachokuomba kinaweza kuandikwa kwenye kurasa mbili, chini ya Kanuni iliyopo. Data zikivuja, kampuni itume ujumbe kwa kila mteja aliyeguswa, kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, ndani ya siku chache zinazohesabika. Laini ya mtu ikihamishwa bila yeye kujua, kampuni ndiyo ionyeshe kwamba ililinda. Mteja asitakiwe kuonyesha kwamba haikulinda. Walioumizwa kwa namna moja waruhusiwe kushitaki kwa pamoja. Na kesi isikilizwe pale mteja anapoishi. Tribinali ya biashara tunayo hapahapa Lubumbashi.

Najua kampuni zitakuja ofisini kwako kulalamika juu ya gharama. Waulize kwanza walitumia kiasi gani kulinda daftari la majina, na kiasi gani kwa mabango ya barabarani.

Mama mdogo sasa anafunga makuta yake kwenye kitenge kiunoni, na wateja wanaotaka kumlipa kwa simu anawarudisha. Ile karatasi yenye muhuri ameikunja ndani ya karata yake ya mpiga kura. Nina nakala yake, pamoja na orodha ya saa na viwango vya pesa zilizotoka usiku ule. Ofisi yako ikizitaka, nitazileta mwenyewe.

Kwa heshima,

Avoka wa baro ya Lubumbashi, mkaaji wa komini ya Katuba