Risala ya Wanafunzi wa Jiolojia, Bukavu, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi, na ninyi baba na mama wachimbaji mliotoka Numbi kuja kukaa nasi leo,

Karibuni sana. Tumeomba nafasi hii tuzungumzie turmalini ya Kivu, kito cha rangi nyingi, maana huuzwa mbali bila kujulikana kwao.

Jiwe hilo hukua ndani ya pegmatiti, yaani mwamba wenye fuwele kubwa, na linapokua hunasa chembe za metali kama galiamu, risasi, manganizi au shaba kutoka kwenye majimaji ya moto yaliyolizaa. Viwango vya chembe hizo hutofautiana kati ya eneo na eneo. Maabara hulipiga kwa leza, kikatoboka kitundu kisichoonekana kwa macho, kisha mvuke wake hupimwa na mashine inayozitambua atomi kwa uzito wake. Turmalini ya buluu yenye shaba ilijulikana kwanza Paraíba, Brazil, miaka ya 1980. Baadaye ikaonekana Nigeria, kisha Msumbiji. Kwa macho zinafanana mno; kemia ndiyo iliyozitenganisha. Na mwaka 2000, mwanajiolojia Gaston Giuliani na wenzake walipima aina za atomi za oksijeni ndani ya zumaridi kwenye kipuli cha enzi za Warumi kilichopatikana Ufaransa, wakagundua lilitoka Swat, Pakistan. Safari ndefu namna hiyo, na jiwe halikupoteza asili yake!

Almasi haimo katika hesabu hii, kwani ni kaboni karibu tupu, na chembe za kuisomea asili ni chache mno.

Mheshimiwa, maabara haisomi jina la kijiji ndani ya jiwe. Hulinganisha na mawe ambayo asili yake inajulikana tayari. Hapo ndipo tunapoumia. Jiwe la Numbi likimfikia mpimaji asiye na sampuli ya Numbi, atalifananisha na la nchi nyingine, na mchimbaji wa Kalehe, wilaya yenye Numbi, hatatajwa popote. Kwa koltani, madini yenye metali ya tantalamu, taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, ilikwisha kukusanya sampuli za machimbo ya ukanda wetu. Tunatamani vito navyo vitendewe hivyo, na vijana wa hapa washike nyundo.

Tunakuomba utusaidie kupata kibali cha kuchukua sampuli shimoni kwenyewe, mchimbaji akiwapo. Za sokoni hazitufai, kwa sababu muuzaji aweza kutaja shimo lolote. Tunaomba pia kabati lenye kufuli la kuzihifadhia hapa Bukavu, na njia halali ya kuzifikisha maabara. Wachimbaji waliopo hapa wamekubali kutuonyesha mashimo yao. Kilichobaki ni karatasi yenye muhuri.

Tunaomba kuwasilisha.