Kwa mabinti zetu wanaoandika na kuongoza filamu

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaohariri video za harusi hadi usiku wa manane, na mswada wenu umelala kwenye kompyuta hiyohiyo. Mmoja wenu aliniambia anaona haya kujiita mwongozaji, maana mwaka mzima amepiga picha za warsha tu. Kisha akanionyesha kipande ambacho waliomwajiri hawakukitaka: mama mmoja wa kiti cha nyuma, anahesabu nauli aliyopewa, anaifunga kwenye pindo la kanga, anaifungua, anahesabu tena. Binti yangu, jicho lililoona hilo ni la mwongozaji. Usione haya.

Mtazameni Judy Kibinge wa Kenya. Alianzia kwenye matangazo ya biashara, akafikia cheo cha mkurugenzi wa ubunifu, akaacha mshahara huo akaingia kwenye filamu. Dangerous Affair ikatoka mwaka 2002. Something Necessary, inayosimulia maisha baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ikatoka 2013. Hapo katikati alikuwa kazini, na makala za matukio ya kweli zilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Tena akaanzisha Docubox, mfuko unaowasaidia watengenezaji wa makala hizo Afrika Mashariki. Mimi naamini matangazo yalimfaa: ukizoea kusimulia jambo kwa nusu dakika, hupotezi picha hata moja.

Wanuri Kahiu naye alisomea mambo ya menejimenti Uingereza kabla ya kwenda kusomea filamu Marekani. Mwaka 2018 filamu yake iitwayo Rafiki ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na mwaka huohuo ikapigwa marufuku nyumbani. Mahakama Kuu ilipoisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba mwezi Septemba, watu wa Nairobi walijaa kumbi. Miaka minne baadaye ikatoka filamu ya Kimarekani aliyoiongozea Netflix. Nani angeichora njia hiyo mapema?

Kwa hiyo harusi pigeni, warsha pigeni, kodi ilipwe. Ninachowaogopea ni mkataba. Mtayarishaji anakuja na bahasha wakati una shida, na ndani ya karatasi kuna mstari mmoja unaompa haki zote za hadithi yako. Ukisaini, yeye ndiye atakayeamua filamu ifanywe lini na iongozwe na nani, na anaweza kuifungia kabatini miaka yote. Mwambie aandike muda: asipoanza kupiga picha ndani ya muda huo, hadithi irudi kwako. Jina lako kama mwandishi liandikwe humohumo. Ahadi ya mdomo usiipokee, hata ya rafiki.

Nimewaona wenye vipaji wakinyimwa hadithi yao wenyewe kwa mstari huo mmoja, na inaniuma mpaka leo. Mkataba ukikutatiza, uulete tuusome pamoja na mwanasheria kabla hujasaini.

Wenu,
Shangazi